Miaka 37 ligi ndogo, huyu kocha alifeli?

SWALI: Shkamoo kaka mhariri. Shemeji yangu anaishi Marekani, tukipigiana simu ni stori za besiboli tu, juzi kaniambia kuna kocha anaitwa Stan Wasiak alifundisha timu za ligi ndogo miaka 37 na ligi kuu hakupewa timu hata siku moja. Sasa huyo si alifeli tu jamani? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, hakufeli, na nisikilize vizuri maana hili jambo linanigusa sana. Wasiak alianza 1950 akaja kuacha 1986, hakuruka msimu hata mmoja, akashinda mechi 2,530, hakuna kocha mwingine wa ligi ndogo aliyewahi kufika hapo.

Kazi yenyewe sio kama ya kocha wa mpira wetu huku. Zile timu ndogo zinalea vijana wa timu kubwa, mchezaji ni mali ya timu kubwa na kocha vilevile anaajiriwa na hao hao, kwa hiyo uko katikati ya msimu unaongoza ligi, usiku simu inaita, mrusha mpira wako bora anatakiwa juu kesho asubuhi, basi unamwita unampa mkono unamwambia kafunge begi, na kesho unacheza na waliobaki. Na ushindi bado wanautaka! Kigumu zaidi ni kumwita kijana wa watu umwambie safari yako imeishia hapa.

Brian Snitker aliambiwa hivyo 1980 akiwa mchezaji kwenye timu ndogo za Atlanta Braves, timu ya ligi kuu, na aliyemwambia ni Hank Aaron, yule gwiji wa besiboli mwenyewe, wakati huo bosi wa timu ndogo za Braves, lakini Aaron huyo huyo ndo akampa kazi ya ukocha. Akazunguka na mabasi miaka na miaka, wakampandisha kuwa msaidizi, wakamrudisha tena chini, mpaka Mei 2016 ana miaka 60 wakamkabidhi Braves, na 2021 akabeba World Series, yaani fainali ya ubingwa wa ligi kuu, mbele ya Houston Astros, ambako kocha wa wapigaji mmojawapo alikuwa Troy, mwanae wa kumzaa.

Wasiak simu ya hivyo haikumfikia. Kituo chake cha mwisho ni Vero Beach, Florida, timu ndogo ya Dodgers, timu ya ligi kuu ya Los Angeles, na mpaka msimu wa 37 alikuwa anavaa jezi sawa na vijana wake, maana besiboli kocha havai suti.