Jibu: Mtoto anajikwaa magharibi ikiingia

Salaam dada. Umeuliza kwa nini mwanao wa miaka 3 anajikwaa na kupapasa sahani giza likianza kuingia, ilhali mchicha anakula kila siku. Mpwa wangu hapa Pongwe alikuwa hivyo hivyo.

Kutoona vizuri gizani hivyo mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, kwa hiyo kwanza fungua kadi ya kliniki uangalie matone ya vitamini hiyo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kila baada ya miezi 6. Wetu alikuwa amekosa mara mbili. Wala usingoje, mpeleke leo wamtazame macho, hasa ukiona yamekauka au yana madoa meupe kama povu. Vidonge usimnunulie mwenyewe: vitamini hii ikizidi hujilimbikiza kwenye ini ikamdhuru.

Sasa huo mchicha. Unauchemsha kwa maji na chumvi tu? Sisi ndipo tulipokosea. Vitamini ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta, na nazi tunazo uani! Tangu hapo matembele na kisamvu ni kwa tui, pamoja na viazi lishe vile vya rangi ya chungwa ndani, papai lililoiva, na maini kidogo mara moja kwa wiki. (Wewe ukiwa mjamzito, maini usiyazidishe.) Machungwa ya Muheza mpe, matamu kweli, ila kwa tatizo hili hayafikii hata kiazi lishe kimoja.

Kama karibuni aliugua surua au aliharisha sana, mwambie daktari, maana magonjwa hayo humaliza akiba mwilini haraka.