Mdogo wangu, sitakuandika kuwa mwanangu

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema wenzangu huku Marekani wanavuta ndugu zao waje, mimi tu ndiye mgumu. Kwamba cheti cha kuzaliwa kinatafutwa na kupatikana, nikuandike mwanangu, maana miaka 18 tuliyopishana inatosha. Mama naye kakuunga mkono. Nawajibu nyote wawili, na msikasirike kabla sijamaliza.

Kazi yangu hapa Oakland ni kulea wazee majumbani. Ndiyo kubeba boksi kwenyewe: kumwogesha mtu mzima, kumvalisha, kumlisha, kumgeuza usiku asipate vidonda. Kodi ya chumba inakula zaidi ya nusu ya mshahara. Hayo nimeshawaambia. Sijawaambia habari za bibi wa Kichina niliyekuwa namlea mwaka jana.

Jioni moja namkata kucha za miguu, akanieleza kwamba mama yake alikuwa na mdogo wake, San Francisco hukohuko, mitaa miwili tu kutoka kwao. Kila Jumapili alikuja na machungwa. Watoto walimjua kama jirani. Siku alipokufa ndipo mama yao alipolia "mdogo wangu, mdogo wangu", nao wakajua kwamba yule alikuwa mama yao mdogo. Kwenye makaratasi alikuwa binti wa watu wengine.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na Wachina wasipewe uraia. Mlango mwembamba uliobaki ulikuwa hasa wa wafanyabiashara na familia zao, pamoja na waliozaliwa humuhumu na watoto wao. Kisha tetemeko na moto wa 1906 vikateketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco. Wengi wakasema walizaliwa pale, nani angebisha? Mtu akitoka kutembea China anaandikisha kwamba kapata mtoto, na jina lile linauzwa kwa mwenye shida. Walioingia hivyo waliitwa watoto wa makaratasi. Nilipolisikia neno hilo nilishtuka, kwa sababu sisi wenyewe hapa tukikutana swali la kwanza ni hilohilo: makaratasi vipi?

Siku yangu ya mapumziko nikapanda boti hadi Angel Island, kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya San Francisco, ambako kati ya 1910 na 1940 Wachina hao walizuiliwa na kuhojiwa. Wiki, miezi, wengine zaidi ya mwaka. Waliulizwa: mlangoni kwenu mna ngazi ngapi? Pipa la mchele linakaa upande gani? Nyumba ya tatu anaishi nani? Ndugu aliyeko mjini aliulizwa hayohayo, na majibu yakipishana unaweza kurudishwa ulikotoka. Walikariri melini kutoka kwenye vijitabu, kisha wakavitupa baharini kabla ya kushuka. Kwenye kuta za mbao za bweni la wanaume yamebaki mashairi yaliyochongwa kwa kisu, zaidi ya 200. Ya wanawake hakuna hata mstari. Wao waliwekwa kwenye jengo la ofisi, nalo liliungua Agosti 1940.

Nilisimama pale lilipokuwa jengo hilo, nikawaona mawazoni dada wawili, wa umri kama wangu na wako. Mkubwa kaingia kama mke wa mfanyabiashara, mdogo kama binti wa familia nyingine. Vitanda vyao vinatazamana. Usiku mdogo kashikwa na homa, anaita mama kwa lafudhi ya kijijini kwao, na mkubwa kalala macho makavu, hathubutu kwenda kumshika paji la uso, maana asubuhi mtu anaweza kusema hawa wanajuana.

Sheria ilifutwa 1943, lakini Wachina wakapangiwa nafasi 105 tu kwa mwaka. Mwaka 1956 serikali ikawaita watu waungame. Kuungama kosa lako kulikuwa kuwataja wote mlioshiriki karatasi moja. Wengi walinyamaza hadi kaburini.

Na sisi je? Kuna mwenzetu mmoja hapa alijilipua, yaani aliomba ukimbizi kwa uongo, akajiita Mrundi. Simlaumu, shida anaijua mwenyewe. Mama yake alipofariki Muheza alitazama maziko kwenye simu, amesimama bafuni kazini, maji kayafungulia wasisikie kilio chake. Mimi Baba alipofariki nilikopa nauli nikaja nikamzika, kwa sababu pasipoti yangu ina jina alilonipa yeye.

Ukiandikwa mwanangu, ubalozini wanaweza kutaka kipimo cha vinasaba, na hapo tumeumbuka wote. Wasipotaka ndiyo ninayoiogopa zaidi: utaniita mama mbele za watu maisha yako yote. Dada yako utamwita lini?

Nikipata uraia nitakuombea kama mdogo wangu. Foleni yake ni zaidi ya miaka 10, sitakudanganya. Kwa sasa maliza chuo cha uuguzi, ada ya muhula ujao naituma tarehe 5.

Na naomba unifanyie kitu. Nikirudi na boti jioni ile nilijaribu kuhesabu ngazi za mlangoni kwetu Ngamiani, pale tulipokuwa tunakaa kusukana. Ni tatu au nne? Zihesabu, uniambie.