Birika la fedha lenye nembo ya ukoo: libonyeze kwanza ndo ulipe

Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, kaona birika la kahawa la fedha kwenye mnada Uingereza, la zamani, lina nembo ya ukoo ubavuni, ananiuliza "kaka nilichukue?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili, maana imenitonesha kidonda.

Langu la kwanza nilinunua London kwa muuzaji ambaye jina lake naliacha. Mihuri ya kuthibitisha fedha iliyogongwa chini safi kabisa, yule simba anayetembea wa fedha halali, kichwa cha chui cha London, na herufi inayoonyesha mwaka wa kugongwa ikaangukia miaka ya 1730. Ubavuni nembo imechorwa ndani ya ngao, ngao imefungwa utepe, vishada vya maua vinaning'inia huku na huku, mimi nimekulia nyumba yenye dele la shaba la bibi, sijawahi kugusa kitu kama kile, nikatoa akiba yote ya miezi minane.

Kumbe utepe na vishada ni mtindo wa miaka ya 1780! Ngao ya 1730 hukaa ndani ya fremu nzito ya makombe ya baharini na mikunjo. Yaani birika lilibadilisha mwenyewe, huyo mpya akakwangua nembo ya wa kwanza akachora yake, na pakikwanguliwa panabaki pembamba. Fundi mmoja mzee aliniambia bonyeza hapo kwenye nembo kwa gumba, nikabonyeza, fedha ikabonyea ikarudi kama kifuniko cha kopo. Chini palikwaruzwa uzito wa zamani, aunsi 24 na kitu, mizani inasoma 23 kasoro. Sawa, kusuguliwa miaka mia mbili na ushee nako kunakula, ila muuzaji alijua na alininyamazia, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo wenzangu mnaopenda vyombo vya fedha kama mimi, msinunue nembo kwa uzuri wake. Linganisheni mtindo wa ngao na herufi ya mwaka. Bonyezeni. Pimeni. Nasema tena bonyezeni! Na nendeni V&A, makumbusho ya Victoria na Albert kule London, mkaone birika la kahawa la 1681, lile lililotolewa zawadi kwa Kampuni ya East India, ile ya biashara ya Waingereza, mkae nalo hata nusu saa jicho lizoee, mbona ni bure.

Mwezi uliopita nimepata langu, la miaka ya 1750, na nembo yake haiko kwenye ngao, iko kwenye umbo la uru la karata, maana kwa Waingereza ngao ni ya mwanaume, mwanamke asiye na mume, hajaolewa au mjane, anachorewa uru. Uru limegawanywa katikati, kushoto nembo ya mume, kulia ya baba wa huyo mwanamke, basi huyo ni mjane, birika lake mwenyewe. Nimelibonyeza mara kumi, gumu kama jiwe.

Dada yangu, hilo lako nitumie picha ya chini kwanza, na moja ya ngao kwa karibu, usilipe kitu.