Uso wa zege la nje: maswali ya masika

Masika yakianza, maswali ninayopokea hubadilika. Wakati wa jua watu huniuliza rangi na urembo. Mvua ikipiga wiki moja wanauliza kuhusu waliokwisha kuteleza. Leo najibu yanayohusu uso wa zege la nje: kibaraza, njia ya gari, ukingo wa kisima na sehemu ya kufulia.

Swali, kutoka Tabata, Dar es Salaam: Shikamoo fundi. Kibaraza chetu kimepigwa niru, kinang'aa vizuri, lakini mvua ikija kwa upande hapakanyagiki. Mama mkwe ana miaka 71 na ameshateleza mara mbili. Tupake nini juu yake?

Marahaba mwanangu, na umpe mama pole zangu. Leo hii, kabla hujaita fundi yeyote, tandika mkeka wa mpira wenye matundu kwenye njia anayopita, na uweke bomba la kushikia karibu na ngazi.

Sasa niru yenyewe. Ni uji wa simenti uliokandamizwa kwa mwiko wa chuma mpaka vitundu vyote vikaziba. Chumbani ni kitu kizuri, unapiga deki na uchafu unatoka wote. Nje, maji hukaa juu yake kama utando na mguu haupati pa kushika. Kwa hiyo usipake kitu. Rangi itamenyeka, na tabaka jembamba la simenti juu ya niru litabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, kwa sababu halina pa kung'ang'ania.

Gonga sakafu kwa nyundo, kila baada ya hatua moja, ukisikiliza. Mlio mkavu maana yake niru bado imeshikana na zege la chini. Mlio wa debe tupu maana yake vimeshaachana. Ikiwa imeshikana, fundi mwenye grainda anaweza kuchanja mistari ya kina cha milimita 3, ikipishana sentimita 2 au 3, ikikatiza njia anayotembea mama. Akate huku akimwagia maji, au avae barakoa ya vumbi iliyo imara; vumbi la zege linaharibu mapafu, na nimeona mafundi wengi wakifunga leso tu puani.

Ikiwa inalia debe, tindua niru yote mpaka kokoto zionekane. Osha, lowesha, fagia maji yaliyotuama, paka uji wa simenti kwa brashi, na kabla uji haujakauka mwaga zege la kokoto ndogo, unene wa sentimita 4. Angalia kwanza kimo cha kizingiti cha mlango, msije mkayaelekeza maji sebuleni. Kibaraza kipya kiinamie nje, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kisha kipigwe fagio.

Hapo kwenye fagio nataka nikae kidogo. Kazi bora ya aina hii niliyowahi kuiona ilifanywa Mbagala na mzee mmoja aliyetumia fagio la chelewa. Alilifunga upya kwa mpira wa baiskeli, karibu na ncha, chelewa zikakakamaa. Alisubiri maji yaliyopanda juu ya zege yapotee, ule mng'ao uishe kabisa. Akaweka ubao wa kukanyagia, akavuta fagio kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa mkupuo mmoja bila kusimama katikati, akalisuuza kwenye ndoo, akarudi kuanza mstari uliofuata kwa kupandisha kidole kimoja tu juu ya ule wa kwanza. Ukipitisha kiganja unasikia mparuzo kama ulimi wa paka. Fagio likikokota kokoto, umewahi. Likikwaruza bila kuacha alama, umechelewa.

Swali, kutoka Nyali, Mombasa: Nataka njia ya gari ya zege la chapa, lile linalogandamizwa mikeka ya mpira likaonekana kama mawe. Je, lafaa kwa hewa yetu ya bahari?

Lafaa, ndugu yangu, lakini ujue unachonunua. Chapa hupigwa wakati zege lingali laini, na jua la Mombasa halikupi muda. Kundi lisilo na watu wa kutosha litaanza vizuri langoni na kumalizia karibu na nyumba kwa chapa hafifu, kwa sababu zege limeshakaza. Waulize wako wangapi na wana mikeka mingapi. Wamwage alfajiri, kwa vipande.

Jambo la pili ni ile vanishi ya kuziba uso. Ndiyo inayotoa rangi ile unayoipenda, na ndiyo inayoleta utelezi. Inachakaa, hasa pale magurudumu yanapogeukia, hivyo kila miaka miwili au mitatu utapaka tena. Wachanganye ndani yake chembe za kuparuza. Kabla ya kulipa chochote, wakufanyie kipande cha mita moja kwa mita moja, ukimwagie maji, ukitembelee kwa ndara kisha kwa miguu mitupu. Pia laza mabomba matupu ya plastiki chini ya njia kabla ya kumwaga, kwa ajili ya maji na umeme wa siku zijazo. Zege la chapa likikatwa, kiraka hakifanani na zege la zamani.

Pesa zingekuwa zangu, ningeifuata leso ya kuvaa, yaani kanga, yenye pindo pembeni na mji katikati. Pindo la upana wa kiganja kimoja na nusu, lililolainishwa kwa mwiko, lizunguke kila kipande. Mji wote wa katikati upigwe fagio. Linapendeza, halitelezi, na halina vanishi ya kurudia.

Vyovyote utakavyochagua, kata viungo. Kwa zege la sentimita 10, kila mita 2.5 hadi 3, kina cha robo ya unene. Zege lina kawaida ya kusinyaa likikauka. Usipolichagulia pa kupasukia, litapasuka litakapo, na mara nyingi litapita katikati ya jiwe la chapa. Kama lori la maji litaingia, unene uwe sentimita 15.

Swali, kutoka Mwanza: Nyumba iko mlimani, njia ya gari ni mteremko mkali. Fagio linatosha?

Halitoshi. Gandamiza nondo ya milimita 12 kwenye zege bichi, izame nusu ya unene wa nondo yenyewe, kisha uitoe ibaki mifereji, kila baada ya sentimita 10, kwa umbo la V ambalo ncha yake inatazama juu mlimani. Tairi litapata pa kushika na maji yatatoka pembeni. Zege liwe kavu kiasi, la kusimama kwenye karai bila kumwagika, na muanze kumwaga kutoka chini kupanda, la sivyo litateremka lenyewe kabla halijashika.

Swali, kutoka Kigamboni: Nimeambiwa ukitaka kokoto zionekane juu, unanyunyiza maji ya sukari. Ni kweli au ni hadithi za mafundi?

Ni kweli kabisa, dada, na inafanya kazi vizuri ikishikwa na mtu makini. Sukari huzuia simenti kushika. Ukinyunyizia maji ya sukari mazito juu ya zege lililosawazishwa, kisha ukalifunika kwa nailoni, asubuhi ya pili chini limekaza na juu bado ni tope. Unasugua kwa brashi ngumu huku maji yakipita, na kokoto zinatokeza. Zipo dawa za kiwandani za kazi hiyohiyo, nazo hutabirika zaidi.

Anza na kipande cha majaribio nyuma ya nyumba. Kokoto ikitoka nzima kwenye brashi, subiri saa moja au mbili. Usichimbe zaidi ya theluthi moja ya jiwe. Theluthi mbili zibaki zimezikwa. Na sukari isikaribie kabisa pale mnapochanganyia. Kiasi kidogo kikiingia ndani ya zege, halitashika kwa wakati wake, na kikizidi huenda lisishike kabisa.

Kuhusu jiwe, hapo ndipo watu wa pwani tunakosea. Kokoto za matumbawe ni laini, zinanyonya maji na kulika. Nunua kokoto ngumu, za Lugoba kwa mfano. Lakini za kuvunjwa kwa mashine zina ncha kali. Kama ni mahali pa kutembea peku, pa watoto kuogea, tafuta changarawe za mtoni zilizo mviringo. Anayesugua avae buti na glovu, kwani maji ya simenti huunguza ngozi polepole na utagundua jioni. Maji hayo yasielekezwe kwenye bustani wala kisimani.

Swali, haikutaja mahali: Nimeona Marekani wanatupia chumvi ya mawe kwenye zege bichi, ikiyeyuka inaacha vishimo vizuri. Naweza?

Kule huifanya majimbo yenye joto, kuzunguka mabwawa ya kuogelea. Kama zege lako lina wavu wa chuma wa BRC au nondo, usifanye. Chumvi huozesha chuma, na chuma kikivimba kwa kutu hupasua zege kutoka ndani.

Swali, kutoka Bukoba: Njia yetu ilipigwa fagio ili isiteleze. Sasa imeota kijani na inateleza kuliko mwanzo.

Mparuzo hushika mguu, na hushika pia vumbi na majani, na mvua zenu hazipumziki. Sugua kwa brashi ngumu na dawa ya klorini iliyozimuliwa, acha dakika 15, suuza. Punguza matawi jua lifike. Kijani kikirudi mahali palepale, hapo maji yanatuama. Rekebisha mteremko.

Swali, kutoka Morogoro: Fundi wangu anarushia simenti kavu juu ya zege ili likauke haraka aweze kulimalizia. Anasema linakuwa gumu zaidi. Ni sahihi?

Si sahihi, na ndiyo sababu kubwa ya sakafu za nje kutoa vumbi na kubanduka magamba. Yale maji yaliyopanda juu yakiwa mengi, mara nyingi yanaonyesha zege lilichanganywa na maji mengi mno. Simenti kavu ikiyanyonya, unapata ngozi nyembamba isiyosinyaa sawa na mwili wake, na baada ya miezi utaona nyufa kama utando wa buibui. Kunyunyiza maji ili mwiko uteleze vizuri kunaleta hasara ileile.

Mwambie asubiri. Maji yakizidi, ayakokote nje kwa kipande cha bomba la mpira, taratibu. Kesho yake apunguze maji kwenye mchanganyiko. Uso ukishafikia hali ya kutochapika ukiugusa, uufunike kwa magunia yaliyolowa, yamwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7. Kabla zege halijachanganywa, mkubaliane nani atakayemwagilia na maji yatatoka wapi.