Usianike Mbegu za Kapur: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kitalu Sabah

Juzi asubuhi nilipita nyuma ya kitalu nikamkuta mdogo wetu mmoja, mgeni wa mwezi mmoja tu hapa Sabah, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, ametandaza turubai na kuanika mbegu za mti wa kapur, zimekatwa mabawa, zimepangwa safu kwa safu, na jua linazichoma. Sikumkaripia, kwa maana alikuwa akifanya kile hasa nilichokifanya mimi mwaka 2010. Nawaandikia nyote mnaotoka vyuo vya misitu vya nyumbani, kwa sababu kila kundi huja na makosa yaleyale, na miti ya jamii ya dipterokapi, yaani kapur na ndugu zake wenye mbegu za mabawa, haimpi mtu nafasi ya kujisahihisha mwaka unaofuata.

1. Mbegu hizi hazihifadhiwi. Tulifundishwa vizuri juu ya msonobari, mkaratusi na mgunga: anika, punguza unyevu, funga kwenye chombo kisichopitisha hewa, weka baridini, panda utakapokuwa tayari. Nilikuja na somo hilo nikiliamini kabisa. Mwaka 2010 misitu ya huku ilichanua kwa pamoja baada ya miaka ya ukimya, seraya, kapur na keruing, zote dipterokapi, zikazaa kwa mkupuo, nami nikakabidhiwa kazi ya kupokea magunia. Mzee wa kitalu, aliyekuwa ameshuhudia misimu kadhaa ya namna hiyo, aliniambia nipande siku ileile. Nilimwona mtu mwenye haraka. Nilianika mbegu siku mbili, kisha nikachambua, na zile zilizokwisha kutoa kijizizi nikazihesabu kuwa zimeharibika, nikaagiza zimwagwe kwenye shimo la majani nyuma ya banda. Zilizobaki, ambazo machoni mwangu ndizo zilizokuwa nzuri, nilizifunga na kuziweka kwenye friji kwa nyuzi 4. Baada ya wiki tatu nilizipanda. Nilikwenda kuzitazama kila asubuhi na kila jioni, nikimwagilia matuta yasiyokuwa na uhai, hadi nilipopasua mbegu kumi na kukuta kiini cha kila moja kimekuwa cheusi.

Mzee hakunisema. Alinishika mkono akanipeleka kwenye shimo la majani, na pale, katikati ya taka nilizoziagiza mimi mwenyewe, ilikuwa imesimama miche ya seraya yenye majani mawili mawili, ile niliyoitupa. Tuliing'oa kwa vidole mmoja mmoja tukaitia kwenye viriba, naye akifanya kazi kimya mpaka giza lilipoingia. Miti ile ilipita miaka kadhaa pasipo kuzaa tena, na eneo lililokuwa limetengwa kwa ajili ya miche yangu lilimezwa na mitambaazi. Bado naumia nikipita pale.

Sababu yake mnaweza kuishika kwa siku moja. Mbegu ya dipterokapi haikauki kabla ya kuanguka. Hutoka mtini ikiwa na maji mengi na kazi ya kuota imekwisha kuanza, kwa hiyo ikikauka hufa, na baridi ya friji huiua vilevile. Mti haukuiumba mbegu yake ingoje ardhini. Unaotakiwa kungoja ni mche, ambao unaweza kukaa kivulini miaka mingi mpaka mti mkubwa uanguke na mwanga ushuke. Na mbegu huanguka nyingi kwa wakati mmoja kiasi kwamba nguruwe, panya na wadudu wakishashiba, nyingine hubaki. Kwa hiyo kijizizi kinachochungulia ni dalili ya uzima, wadogo zangu.

2. Hesabuni mabawa kabla ya kuyakata. Keruing ina mawili marefu, Shorea, jenasi ya seraya, kwa kawaida matatu marefu na mawili mafupi, kapur matano yanayokaribiana. Kapur hiyo ndiyo jenasi iliyotoa kafuri ya kale iliyosafirishwa kutoka Barus, Sumatra, kwa hiyo mnaponusa utomvu wake mkakumbuka harufu ya sanda, hamjakosea. Mabawa yakishakatwa, magunia mawili yakichanganyika, hakuna atakayeyatenganisha.

3. Chukueni udongo wa viriba chini ya mti mama, kwa kuwa mizizi ya jamii hii huishi kwa kushirikiana na kuvu walio humo.

4. Shina likiwa na mizizi mipana iliyosimama kama kuta, pimeni kipenyo juu ya kuta hizo, pigeni rangi pale mlipopima na andikeni urefu kutoka ardhini. Kuna mwenzenu aliyepima kwenye mita 1.3, kimo cha kawaida cha kupimia, bila kujali kuta, na mti ulipopimwa tena juu ya kuta, takwimu zake zikaonyesha umekonda.

5. Msiandike "meranti" kwenye fomu. Hilo ni jina la wauza mbao linalokusanya spishi nyingi za Shorea, na Borneo peke yake ina dipterokapi zaidi ya 260. Ile Shorea faguetiana ya Bonde la Danum hapa Sabah, iliyokwewa na mkwezi mwenye futi ya utepe mwaka 2019 na kukutwa na urefu wa mita 100.8, sokoni ingeitwa meranti ya njano tu. Mkiona uvivu wa kutambua spishi, kumbukeni kwamba jamii hii mmekua nayo: Monotes wa miombo yetu, wenye tunda la mabawa matano, ni ndugu wa miti hii, na wengi wenu mmekata kuni zake bila kuuliza jina.

Mbegu za juzi tumeziingiza kivulini, tumezifunika kwa magunia yaliyolowana, na zilizokuwa na kijizizi tumezipanda kwanza. Wakusanyaji wanaingia msituni kesho alfajiri na watarudi kabla ya adhuhuri. Viriba vijazwe leo.