Gitaa linapofunika maneno ya waigizaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga gitaa la solo hapa Tanga, nimepiga kanisani na kwenye bendi za harusi kwa miaka sita. Rafiki yangu ametengeneza filamu fupi ya dakika 14, inamhusu mvuvi anayerudi kijijini kwao baada ya kupotea miaka mingi. Ameniomba nimtungie muziki wa ala tupu, gitaa peke yake. Nimetunga vipande vitano. Nikivisikiliza vyenyewe ni vizuri, lakini tukiviweka kwenye picha vinafunika maneno ya waigizaji, na rafiki yangu anasema vinasikika kama wimbo unaomsubiri mwimbaji. Tena kuna mahali mlango unafunguliwa, anataka muziki ugeuke hapo hapo, na mimi kila mara nawahi au nachelewa. Nirekebishe nini? Na ninyi mnaotunga muziki wa filamu mnayatoa wapi mawazo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako ana sikio zuri. Vipande vyako kweli vinamsubiri mwimbaji, kwa sababu bado hujamwona. Yupo: ni huyo mvuvi.

Kumbuka unavyofanya ukiwa jukwaani. Mwimbaji akianza ubeti, wewe wa solo hushindani naye. Unashuka, unawaachia rithimu na besi wambebe, unatega sikio. Akivuta pumzi mwishoni mwa mstari ndipo unapochomeka noti tatu nne za kumwitikia, kisha unamwachia tena. Ukumbi unakuwa wako wakati wa chemko, pale wimbo unapochangamka na watu wanacheza. Filamu ina adabu hiyo hiyo, ila ubeti wake ni mrefu sana na chemko ni fupi. Katika dakika 14 huenda chemko likaja mara moja tu, na huenda lisije kabisa. Nadhani vipande vyako vyote vitano ni chemko.

Kwa hiyo weka gitaa pembeni kwanza. Itazame filamu mara tatu ukiwa na kalamu. Andika dakika na sekunde za kila mahali mvuvi anaponyamaza, anapogeuza uso, anapoanza kusema kitu akaghairi. Hizo ndizo pumzi zake, na hapo ndipo penye nafasi yako. Mahali pengine acha patupu, hata kama umepata tuni tamu ya kupaweka.

Kufunikwa kwa maneno kuna sababu nyingine, ya sauti zenyewe. Uzi wa sita wa gitaa, ule mnene, ukiwa wazi hutoa hezi 82 hivi, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na uzi wa kwanza hezi 330 hivi. Mwanamume akizungumza, sauti yake kwa kawaida iko kati ya hezi 85 na 180. Mwanamke, kati ya 165 na 255. Unaona mwenyewe: ukipiga kwenye freti za mwanzo, vile vyuma vya shingoni vilivyo karibu na kichwa cha gitaa, umekaa juu ya koo la mwigizaji. Zaidi ya hapo, sehemu ya sauti inayotufanya tulitambue neno hukaa zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000, na mlio wa piki, kile kibao cha plastiki cha kupigia, inapougonga uzi unajaa huko huko.

Ndiyo maana kupunguza sauti ya muziki peke yake hakusaidii sana. Muziki mdogo wenye noti nyingi bado unavuta sikio. Chini ya mazungumzo tupa piki, tumia nyama ya dole gumba, na pigia karibu na shingo ya gitaa ambako mlio ni laini. Panda juu ya freti ya 12, au shikilia noti moja ndefu ya chini. Usianzishe noti pamoja na neno. Ianze neno likishaisha. Yakishafanyika hayo, kwenye programu ya kuchanganyia sauti punguza ukubwa wa sauti ya gitaa kwa desibeli 2 au 3 katika eneo hilo la 1,000 hadi 4,000, basi.

Sasa mlango. Hapo ni hesabu ya darasa la tano. Tuseme muziki unaanza na mlango unafunguliwa sekunde 50 baadaye. Ukipiga kwa kasi ya mapigo 72 kwa dakika, katika sekunde 50 yanaingia mapigo 60 kamili, yaani vipimo 15 vya mapigo manne manne. Mlango unaangukia pigo la kwanza la kipimo cha 16. Safi. Halafu rafiki yako anakata picha, maana watu wa kuhariri hawaachi kukata, na mlango unahamia sekunde ya 47. Kwa kasi ile ile unapata mapigo 56.4, na hapo ndipo unapowahi au kuchelewa. Usikimbize vidole. Chukua mapigo unayoyataka, 56, zidisha kwa 60, gawanya kwa 47. Unapata 71.5. Weka kasi hiyo kwenye metronomu, kile kigonga mapigo, ya programu yako. Hakuna msikilizaji atakayetambua tofauti ya nusu pigo kwa dakika, na mlango utakukuta pale pale. Muulize pia rafiki yako picha yake ina fremu, yaani picha moja moja, ngapi kwa sekunde. Ikiwa ni 25, kila fremu ni milisekunde 40. Mimi hupenda mlango ufunguke kwanza, kisha gitaa lifuate fremu tatu nne nyuma, kama mtu aliyeuona mlango naye akashtuka.

Ipo njia ya pili, ya kupiga bila metronomu huku ukiitazama picha. Mpiga gitaa Neil Young alifanya hivyo kwa filamu ya Jim Jarmusch ya 1995, Dead Man, akipiga peke yake na kubuni papo kwa papo huku filamu inaonyeshwa. Ukiijaribu, ijaribu baada ya kuijua filamu kwa moyo.

Umeuliza mawazo yanatoka wapi. Kwa filamu ya mtu anayerudi kutoka kupotea, mwalimu wa kwanza ninayekupa ni Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani. Mwaka 1984 alimtungia mwongozaji Wim Wenders muziki wa filamu ya Paris, Texas, inayomhusu mtu anayetokea jangwani, amepotea miaka minne, hasemi neno. Cooder aliujenga muziki huo juu ya kipande kiitwacho Dark Was the Night, Cold Was the Ground, kilichorekodiwa 1927 na Blind Willie Johnson, mpiga gitaa kipofu wa Texas aliyekuwa akiimba nyimbo za dini. Johnson hakutamka neno katika kipande kile. Anaguna na kuomboleza tu, na gitaa linaguna pamoja naye. Rekodi hiyo ilitiwa mwaka 1977 kwenye santuri za dhahabu zilizopelekwa angani na vyombo vya Voyager. Isikilize usiku, taa zimezimwa. Halafu sikiliza namna Cooder alivyoliachia gitaa lile guno, akaacha kila noti ife yenyewe kabla ya kupiga nyingine.

Jaribu mtuno, yaani namna ya kukaza nyuzi, unaofanana na wa Johnson. Uzi wa sita shusha toni moja, wa tano na wa nne usiziguse, wa tatu shusha nusu toni, wa pili na wa kwanza toni moja moja. Kwa solfa nyuzi zako zitasoma do so do mi so do. Vaa kipande cha shingo ya chupa kilichosuguliwa vizuri kwenye kidole kidogo, telezesha juu ya uzi bila kuukandamiza. Utasikia gitaa linaanza kuongea kama mtu.

Mwalimu wa pili ni wa karibu: Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, mtu mmoja anabeba besi na tuni kwa pamoja. Umeombwa gitaa peke yake, na wewe umezoea besi kupigwa na mwenzako. Kaa na Mwenda mwezi mzima kabla hujanunua kifaa chochote cha kubadilisha sauti. Wala usihofu kama husomi nota. Gustavo Santaolalla wa Argentina hasomi, na ametwaa Oscar miaka miwili mfululizo kwa muziki wa filamu.

Lakini mengine yako kwenye picha yenyewe. Nilipotunga muziki wa makala ya video kuhusu akina mama wakulima wa mwani Jambiani, niliutunga wote chumbani. Kisha nikaenda huko wakati wa bamvua, maji yametoka mbali. Mama mmoja alikuwa anagongea kigingi kwa jiwe: ko, ko, ko, halafu kimya, anavuta kamba, halafu ko, ko, ko. Nikarudi nikatupa vipande vyote. Nikaziba uzi wa sita kwa kiganja, nikagonga mara tatu, nikaacha. Kuna mahali yule mama anaulizwa atalima mpaka lini, anaitazama bahari, anakaa kimya. Niliweka noti zangu tatu kwenye kimya kile. Mhariri akaziondoa, akanirudishia picha nitazame. Macho ya mama yalikuwa yameshajibu.

Huyo mvuvi wako ana kitu kama hicho. Huenda ni kasia linalogonga ubavu wa ngalawa, huenda ni kamba ya tanga. Kitafute.

Ukirekodi, weka maikrofoni kiasi cha sentimita 30 mbele ya freti ya 12, programu uiweke kwenye hezi 48,000 na biti 24, kila sauti kwenye faili lake ili anayechanganya aweze kukupunguza. Anza na sehemu ya mlango. Nitumie sekunde 20 zake, na maneno ya waigizaji yawemo. Bila maneno siwezi kukuambia kitu.