Barua kwa Mwanangu: Saa Isiyowaka Tena

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, mama yako akusalimu sana. Waniuliza kama uninunulie ile Panerai kuukuu uliyoonyeshwa huko Italia, saa ya wapiga mbizi wa jeshi la majini, na kama muuzaji amesema kweli kwamba radiamu yake, yale madini yenye mionzi ya kudhuru yaliyotiwa kwenye rangi ya namba, imekwisha kufa, maadamu namba haziwaki tena gizani.

Si kweli, mama. Kilichokufa ni salfaidi ya zinki iliyochanganywa nayo, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa mwanga. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya wakati wa vita vya pili ina radiamu yake karibu yote hadi leo.

Waikumbuka meza yangu ya kazi pale barazani? Ulipokuwa darasa la pili niliifungua saa ya baharia mmoja, nikaukwangua uso wake kwa ncha ya kisu ili niupake upya. Unga wa manjano ukamwagika mezani, nami nikaupuliza kwa mdomo. Jioni ukaja na daftari lako, ukafanya hesabu papo hapo, viwiko juu ya meza. Nilikuja kujua kuwa ule unga ni radiamu miaka mingi baadaye. Usiku ule sikupata usingizi.

Saa yenyewe naipenda, usidhani naidharau. Panerai walikuwa na duka la saa Florence tangu 1860, na mchanganyiko wao wa radiamu, Radiomir, waliuandikisha 1916. Mwaka 1936 jeshi la majini la Italia likataka saa ya kusomeka usiku chini ya maji. Ikaundwa yenye kasha la milimita 47, kazi ya Rolex. Baadaye uso wake ukawa mabamba mawili: la juu limekatwa matundu ya namba, na la chini linawaka kupitia matundu hayo. Sijaona njia safi zaidi ya kuandika saa.

Na walikuwa na haja nayo. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, wapiga mbizi sita wa jeshi hilo waliingia bandari ya Alexandria, Misri, wawili wawili, wamepanda torpedo (mabomu ya kwenda chini ya maji) za mwendo wa pole. Wakatega mabomu chini ya manowari za Uingereza, Valiant na Queen Elizabeth, zote mbili zikakaa kwenye sakafu ya bahari. Bomu lilitegwa kwa saa. Katika giza lile, mtu asiyeona akrabu za saa yake angefanyaje?

Hata hivyo, kwa ajili ya radiamu yake, usiinunue. Muuzaji akiwa ameshakupa uishike, nawa mikono, na usikubali kabisa ifunguliwe mbele yako. Ukitaka kunifurahisha, tafuta Luminor, saa nyingine ya Panerai, ya siku hizi, hata iliyokwisha kutumika, ya kutia ufunguo, yenye ule wenzo unaobana kitufe kisipitishe maji. Rangi yake ya kuwaka haina mionzi. Hiyo Luminor, kwa kuwa haina radiamu, mwambie muuzaji afungue mgongo uone mashine, akikataa, ondoka.

Siku ukifika Florence, pita duka lao la uwanja wa San Giovanni, karibu na kanisa kuu. Nipigie picha ya uso wa saa kwa ubavu, karibu kabisa, nione tundu la namba 6 limekatwaje.

Baba yako